Kadi ya Dhahabu ya Ndoyi Wangu

Sehemu ya sita

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanakumbuka waliponiacha: nimesimama mbele ya mlango wa vioo wa Hoteli Nyota Saba, hapa Kindu, mkoba begani, na mkononi kadi isiyo yangu yenye jina langu.

Kwa yule anayenisoma leo mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Naitwa Odile Mwanvua. Nina miaka ishirini na miwili, nimemaliza chuo cha ualimu, na bado natafuta shule itakayonichukua. Baba yangu, Okito, alikuwa dereva wa treni. Wakati wa vita askari walimchukua, mimi nikiwa tumboni, na hakurudi. Hatujui amelala wapi. Mama yangu, Jacqueline, hajafanya matanga mpaka leo, kwa sababu matanga hufanywa mbele ya mwili, au walau mbele ya udongo.

Mwezi uliopita wazee wa mchumba wangu, Blaise, walikuja nyumbani na kuku wawili. Wakataka kwanza wakamsalimu baba yangu kaburini. Mama akawaambia hakuna kaburi. Wakatazamana, wakanong'onezana, wakaondoka. Kuku waliondoka nao.

Nilikuwa bado nalilia hayo ndipo ndoyi wangu aliponipigia simu.

Ndoyi, kwetu, ni mtu uliyepewa jina lake. Ukipewa jina la mtu, wewe ni yeye. Mume wake atakutania kwamba wewe ni mke wake. Akila anakubakizia, akisafiri anakuletea. Na hawezi kukuacha, maana nani anaweza kujiacha mwenyewe?

Ndoyi wangu ni Odile Mwanvua mkubwa, mfanyabiashara, rafiki wa mama tangu usichana wao. Anauza sabuni, taa na mabuti kwa wachimba dhahabu wa huko mbali, mji unaoitwa Kama. Hakuzaa. Amenilisha na kunisomesha mimi.

"Ndoyi," aliniambia siku ile, "usiku zangu ziko zinakufa."

"Usiku gani, ndoyi?"

"Za hoteli. Mbili. Wamenipa bure kwa sababu ya kadi ya wageni wa kila mara, lakini mwezi ukiisha bila kuzilala, zinakufa, na kadi inashuka kutoka dhahabu inakuwa ya fedha. Mimi niko Kama, njia imeharibika. Nenda uzilale."

"Mimi? Nilale hoteli hapa hapa Kindu, na nyumba yetu iko karibu hivi?"

"Kadi imeandikwa Odile Mwanvua. Weye ni nani?"

"Odile Mwanvua."

"Basi njo weye, ndiye weye. Wakikuuliza kitu, itika tu. Na usimwambie mama yako. Na pazia ya upande wa mto, usiifungue."

"Kwa nini?"

"Mbu," akasema, na simu ikakatika.

Nikaletewa kadi na dereva wa pikipiki, ndani ya bahasha. Nikamwambia mama nakwenda kulala kwa rafiki niliyesoma naye. Tangu utotoni mimi husema uongo mara chache, na kila mara unanirudia.

Ndivyo nilivyoingia.

Msichana wa mapokezi aliitwa Fifi. Jina lilikuwa kifuani pake, na kucha zake zilikuwa ndefu hata alibonyeza kompyuta kwa vidole vilivyolala. Alisoma kadi, akaruka kitini.

"Madame Odile! Karibu tena!"

Tena. Sijawahi kukanyaga pale.

Nikampa kitambulisho. Akatazama kitambulisho, akatazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Madame, unapaka mafuta gani? Hapa ninaona umelala kwetu tangu hoteli ifunguliwe, miaka kumi na moja. Ulianza kulala hoteli ukiwa ungali shule ya msingi?"

Nilitaka kusema ukweli, lakini sauti yangu huja nyuma kama mtu aliyechelewa basi.

Fifi akacheka kabla sijasema. "Ah, nimeelewa. Ni ndoyi wako. Usiogope! Mimi pia niko na ndoyi Kisangani. Angekuwa na kadi kama hii, ningekuwa ninalala hoteli mpaka leo. Ndoyi njo mwenyewe. Jina ni lile lile, nani atanigombeza?"

"Asante, dada."

"Yeye njo mugeni muzuri kabisa. Anatembea na kadi yake hoteli yetu ya Kisangani, anatembea nayo ile ya Bukavu. Na hapa kwetu kila mwaka usiku mmoja. Tarehe haibadiliki." Akasogeza uso kwenye kioo. "Ishirini na tisa, mwezi wa tisa. Kesho."

Nikashika meza.

Tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa tisa mama yangu hawashi moto. Hapiki, hachoti maji, hasemi. Ndiyo siku waliyomchukua baba. Na kila mwaka, juma moja kabla ya siku hiyo, ndoyi wangu hutuaga na kusema anakwenda Kama kabla mvua haijaharibu njia. Miaka kumi na moja tumempungia mkono. Kumbe alikuwa analala hapa, karibu na sisi kiasi cha kusikia kengele ya kanisa letu.

"Na muzee anakuja kesho saa nne, kama kawaida?" Fifi akauliza.

Mzee gani? Nilitaka kuuliza. Lakini nikakumbuka: itika tu.

"Ndiyo," nikasema.

Hilo ndilo kosa langu la wiki hii. Neno moja.

"Vizuri. Papa Godefroid, aingie bila kuulizwa. Chai mbili, bila sukari. Chumba kisichotazama mto." Fifi akasoma yote kama anayesoma barua ya mtu, kisha akafumba jicho moja. "Lakini hicho tukiache. Leo ninakupa zawadi ya dhahabu! Chumba kikubwa, juu kabisa, mto wote uko mbele ya kitanda. Ndoyi wako akirudi atanishukuru."

"Hapana, dada, tafadhali, mimi..."

Alikuwa amekwisha kunikabidhi ufunguo.

Chumba kile kilikuwa kikubwa kuliko darasa nililofanyia mazoezi ya kufundisha. Kitandani walikuwa wameweka taulo zilizokunjwa mfano wa bata. Nilikaa pembeni ya kitanda ili nisiwaamshe.

Pazia la upande wa mto lilikuwa limefungwa. Nililitazama muda mrefu. Nilijiambia nisilifungue. Kisha Fifi akaingia na sahani ya matunda, akalivuta lote kwa mkono mmoja.

"Mtu anapewa mto Lualaba wote anauficha? Tazama!"

Nikatazama. Mto ulikuwa mpana, pirogi mbili, ile mitumbwi yetu, zinavuka. Chini yetu palikuwa na bustani, na katika majani ya bustani mtu alikuwa amechora mistari ya chokaa, mistari minne mirefu, na vigingi kwenye pembe. Ilifanana na kaburi la jitu.

"Iko nini pale?"

"Pisini! Bwawa la kuogelea. Kesho kutwa mashine inaanza kuchimba. Wenye kadi ya dhahabu mutaogelea bure. Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Mimi pia. Lakini tutakaa pembeni na miwani ya jua."

Alipotoka nilimpigia ndoyi wangu. Hapatikani. Nikapiga tena, na tena. Huko Kama kuna kilima kimoja tu chenye mtandao, na sikujua kama yuko kilimani au ameizima simu.

Jioni ikaja. Katika karatasi ya kadi niliona imeandikwa kwamba mwenye dhahabu anaweza kualika mtu mmoja kwa chakula cha asubuhi. Nikafikiri: kesho mama hatawasha moto. Angalau apate mayai. Na, niseme kweli, niliogopa kuwa peke yangu na mzee nisiyemjua.

Nikampigia.

"Mama, nilikudanganya. Silali kwa rafiki. Niko Nyota Saba."

Upande wa pili mama aliweka kitu chini.

"Nyumba ile ya mtoni," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Wakati wa vita ilikuwa nyumba ya askari. Mimi sipiti hata mbele yake. Nikienda sokoni ninazunguka. Nani alikupeleka mule?"

"Ndoyi. Usiku zake zilikuwa zinakufa." Nikajaribu kucheka. "Mama, kumbe yeye hulala hapa kila mwaka, tarehe ile. Na kuna mzee anayekuja kumtembelea. Kesho saa nne anakuja, na mimi nimeitika."

"Muzee gani?"

"Godefroid."

Nikamsikia anaketi, kile kiti chetu cha mianzi hulia mtu akikikalia.

"Mama? Uko unasikia? Usije kama hutaki. Nisamehe."

"Saa nne," mama akasema. "Nitakuja."

Asubuhi mvua ilikuwa imepita na kila kitu kilikuwa kinang'aa kwa namna isiyopendeza. Fifi aliniketisha katika saluni ndogo, ukumbi wa wenye kadi, viti vya ngozi, mlango wake mwenyewe wa kutokea bustanini. Akaweka chai mbili bila sukari.

Saa nne kamili mzee aliingia.

Alikuwa mwembamba, kofia mkononi, mguu mmoja haukunjiki. Hakushangaa kuniona. Alisimama mbele yangu na kuinamisha kichwa kama vile mimi ndiye mkubwa.

"Odile," akasema.

"Papa, samahani, mimi siye. Mimi ni..."

"Ninajua weye ni nani. Alisema atakutuma. Tukae."

"Alisema? Lini?"

"Juma lililopita. Usiku zake hazikuwa zinakufa, mutoto yangu. Hiyo alikuambia ili uje."

Tukakaa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Miaka kumi na moja tunakaa hapa, yeye pale ulipo, mimi hapa. Tunakunywa chai. Hatusemi kitu. Chai ikiisha ninaondoka. Tangu wageuze nyumba hii kuwa hoteli. Zamani tulikuwa tunakuja kusimama nje ya ukuta tu. Alipopata kadi alisema, sasa hawawezi kutufukuza."

"Mnakuja kufanya nini, papa?"

"Kukaa karibu na Okito."

Nikaondoa mikono mezani. Nikaificha chini ya meza.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Ngoja. Ukianza na mwisho, mwanzo hautaweza kuubeba." Akatazama mlango, akateremsha sauti. "Mwaka wa elfu mbili na mbili. Weye ulikuwa tumboni. Treni zimesimama, muji umezungukwa, hakuna kutoka kwenda shambani. Watu wanakula sombe, majani matupu ya muhogo, bila chumvi, siku nyingine bila sombe. Mimi nilikuwa na pirogi. Usiku ninavusha watu ng'ambo ya pili, ninarudi na unga na habari. Askari wakajua kuna muntu anavuka. Hawakujua ni nani."

"Na ndoyi wangu?"

"Odile alikuwa anawapikia askari, hapa, katika nyumba hii. Chakula alichobakiza alimpelekea mama yako. Siku ile mukubwa wao akamushika jikoni. Akamwambia: unajua muntu wa pirogi. Taja jina, ao tunaanza na weye."

Nilijua kitakachofuata. Nilitaka kuziba masikio, lakini mikono ilikuwa imekwama chini ya meza.

"Mimi na Odile tulikuwa tunapendana," mzee akasema. "Hilo mama yako halijui. Hakuweza kunitaja. Akamutaja Okito."

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Surprise!" Fifi alipiga kelele. Nyuma yake mpishi alibeba keki nyeupe yenye mshumaa. "Zawadi ya nyumba kwa Madame Odile! Miaka kumi na moja!"

Wakapiga makofi. Wakaimba. Juu ya keki, kwa sukari nyekundu, walikuwa wameandika: ASANTE KWA UAMINIFU WAKO.

Mzee Godefroid alifumba macho.

"Zima mushumaa, Madame, uombe kitu!" Fifi akasema.

Niliuzima. Sikuomba kitu. Walipoona nyuso zetu waliacha kuimba, mmoja baada ya mwingine, wakatoka taratibu na kufunga mlango.

Nilisimama.

"Yule mwanamke amenifunga nepi. Amenilipia chuo. Kila sikukuu ananiletea kitenge. Na alimwuza baba yangu ili wewe uishi?"

"Kaa, mutoto yangu."

"Sikai!"

Sijawahi kumwambia mtu mzima neno lile. Mzee hakukasirika.

"Basi sikia umesimama. Iko jambo moja bado, na hili njo lilimuleta Odile hapa kila mwaka. Unajua kwa nini alimutaja Okito, si mwingine?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alidhani ameondoka. Jioni ile Okito alikuwa amemuaga. Alimwambia: usiku huu ninafuata reli kwa miguu mpaka Kibombo, nikifika salama nitamuita Jacqueline. Odile akajiambia, jina la muntu aliye mbali haliwezi kumuumiza muntu. Akalitoa. Alfajiri askari wakaenda. Wakamukuta nyumbani, kitandani."

"Kwa nini hakuondoka?"

Mzee akaweka kikombe chini.

"Mama yako alishikwa na tumbo usiku ule. Akaogopa. Akamushika mukono Okito akamwambia: lala leo, utaondoka kesho. Yeye akalala."

Niligeuka nikatazama keki na mshumaa uliozimwa.

Tumbo lile lilikuwa mimi.

"Mama hajui," nikanong'ona.

"Anajua alimwambia alale. Hajui kwamba Odile alimutaja kwa kuamini hayupo. Akijua hilo, ataona ni mukono wake ulimushika Okito asipone. Odile amesema: Jacqueline akiuliza kwa nini, mumwambie niliogopa, basi. Anione nyoka. Hilo lingine tulimeze."

"Kwa nini mnaniambia mimi? Miaka yote hii mlinyamaza. Kwa nini leo?"

Akanyoosha kidole kwenye kioo cha mlango, kuelekea bustani.

"Kwa sababu kesho mashine inachimba. Usiku uliofuata, baada ya kumuchukua, nilikuwa ndani ya pirogi yangu, chini ya majani ya kando ya mto. Niliona walipomuzika. Ni ndani ya mistari ile."

Nikakaa.

"Nilimupigia Odile, nikamwambia mwaka huu ni lazima. Ao weye umwambie Jacqueline, ao mimi. Akalia. Akasema: mimi siwezi kusimama mbele yake. Nitamutuma ndoyi wangu. Akiomba musamaha yeye, nimeomba mimi. Akipigwa yeye, nimepigwa mimi."

Ndipo nikaelewa nilichotumwa. Hakunituma nilale. Alinituma nisimame mbele ya mama yangu mzazi, kwa jina la mtu aliyemtaja baba yangu, na niombe nisamehewe.

"Papa," nikasema, "mama anakuja. Nilimwalika aje kula mayai."

Uso wa mzee ukabadilika. Kabla hajajibu tulisikia sauti ya Fifi nje: "Karibu, mama, karibu, mugeni wa Madame Odile!" Na mama yangu akaingia.

Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Alitazama keki, akasoma maandishi, akamtazama mzee.

"Godefroid."

"Jacqueline."

"Umezeeka."

"Weye pia."

Mama hakuketi. Nikampigia magoti pale pale juu ya zulia, maana sikujua kitu kingine cha kufanya.

"Mama, ndoyi amenituma. Wakati wa vita..."

"Inuka," mama akasema. "Unafikiri sijui?"

Mzee akashika kofia yake kwa nguvu.

"Asubuhi ile walipoingia," mama akasema, polepole, kama mtu anayefungua fundo la zamani, "askari alimuuliza mume wangu: weye njo Okito wa Jacqueline? Muji mzima ulimuita Okito wa Treni. Muntu mmoja tu chini ya jua alimuita Okito wa Jacqueline, kwa kumutania. Nilijua siku ile ile, kabla hawajamaliza kumufunga kamba."

"Ukajua?" Sauti yangu ilipasuka. "Ukajua, halafu ukanipa jina lake?"

"Ningefanya nini? Nilikuwa na njaa na tumbo la miezi saba. Yeye peke yake alikuwa na unga. Ningemupigia kelele angekimbia, na mimi na weye tungekufa. Nikanyamaza. Ukazaliwa. Nikamwambia: mutoto ni wako, anaitwa Odile Mwanvua. Ungemuona alivyolia! Watu walidhani ni furaha. Muntu anaweza kukimbia rafiki. Ndoyi wake hawezi kumukimbia. Akakulisha. Akakusomesha. Kila siku akiita jina lako, anajiita mwenyewe."

"Mama. Kumbe mimi nilikuwa kamba."

Alinigusa shavu. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Ulikuwa kamba. Siku ulipocheka mara ya kwanza, ukawa mutoto yangu. Lakini kamba sikuifungua." Akamgeukia mzee. "Mwenye mudomo nilimujua. Mahali sikujua. Miaka ishirini na tatu ninazunguka njia hii. Yuko wapi, Godefroid?"

Mzee alifungua mlango wa bustani, akatangulia na mguu wake usiokunjika.

"Madame!" Fifi alitukimbilia. "Samahani, bustani imefungwa kwa sababu ya kazi. Na mugeni wa kadi ni wa chakula tu, haina..."

Mama alimpita. Fifi alinitazama, akaona nilivyo, akashika mdomo wake kwa kucha zile zote na kurudi ndani.

Majani yalikuwa yamelowa. Mzee alivuka mstari wa kwanza wa chokaa, akahesabu hatua kutoka ukuta, akatazama mto, akahesabu tena. Akasimama. Akavua kofia.

Mama alisimama kando yake. Alitazama majani mafupi yaliyokatwa vizuri, yasiyotofautiana na mengine. Nilingoja alie. Hakulia. Alivua viatu vyake vya kanisani, akaviweka pembeni, akakanyaga pale kwa miguu mitupu.

"Okito," akasema tu.

Kisha akainua uso, na macho yake hayakumtafuta mzee. Yalinitafuta mimi.

"Umesema ndoyi amekutuma, basi unasimama kwa jina lake."

"Ndiyo, mama."

"Leo usiniite mama. Ndoyi njo mwenyewe, si hivyo? Basi nitauliza mara moja, na anayejibu ni Odile Mwanvua. Wanaume walijaa muji huu. Weye ulikuwa unakula kwangu, ulinishika mukono siku ya arusi. Kwa nini ulimutaja wangu?"

Nyuma yake, Mzee Godefroid alitikisa kichwa. Mara mbili, taratibu. Midomo yake ilifanya neno bila sauti: aliogopa. Sema aliogopa, basi.

Nilitazama miguu ya mama katika majani. Ile miguu iliyozunguka kwenda sokoni miaka ishirini na tatu. Nikaona mkono wake, ule uliomshika baba usiku ule asiondoke, na tumbo lililouma, na mimi ndani yake.

Neno moja la uongo, na mama angekuwa na mtu wa kumchukia mpaka afe. Neno moja la kweli, na asingekuwa na mtu wa kumchukia ila sisi wawili, yeye na mimi.

"Jibu," mama akasema.

Mdomo wangu, ambao maisha yangu yote umechelewa, safari hii haukuchelewa.

"Jacqueline," nikasema.

Itaendelea.